Maji Yasiyotaka Kutakata

Mkunga alirudi kutoka zamu ya usiku akiwa amebeba viatu mkononi, maana miguu ilikuwa imevimba na viatu vilikuwa vimekataa. Hakupita mlango wa mbele. Alizunguka moja kwa moja hadi nyuma ya nyumba, kama mtu anayekwenda kumchungulia mgonjwa aliyemwacha na homa, akasimama ukingoni mwa bwawa la kuogelea.

Lilikuwa kijani.

Majuzi tu maji yalikuwa yameanza kuonyesha rangi ya vigae vya chini. Sasa ngazi ya kwanza ilionekana kwa shida, ya pili ilionekana kwa imani, na ya tatu haikuwepo kabisa. Kutani ukoga ulikuwa umeota upya, ule utando wa mwani unaoteleza kama kamasi, na juu ya maji povu jembamba lilikuwa limejikusanya kwenye kona ya ngazi. Aliinama achovye kidole, mgongo ukamkumbusha kwamba yeye si msichana tena, akanyooka polepole akiwa ameshika kiuno.

"Yamerudi," alisema, hakumwambia mtu.

"Yamerudi tena?" Sauti ya mama mkwe ilitoka dirisha la jikoni. "Pole, mwanangu. Ingia unywe chai kwanza. Maji hayana miguu, utayakuta."

Bwawa lile lilikuwa la marehemu. Mume wa Mkunga alikuwa mtu wa kupewa kijiko akaomba sufuria. Pale nyuma, mahali ambapo wenye akili zao wangepanda mboga, yeye alichimba shimo, akalijengea, akaliwekea vigae na taa ya majini, na kila asubuhi kabla ya kwenda kazini alijitumbukiza humo akitoa mlio wa kiboko. Mkunga hakujua kuogelea na hakutaka kujua. Mama mkwe aliliita kisima cha wazimu. Kisha siku moja mume alianguka ofisini, akiwa amesimama anazungumza na mteja, na moyo wake haukuwasubiri madaktari. Wakabaki wanawake wawili wajane, nyumba ya vyumba vingi vilivyofungwa, na bwawa ambalo hakuna aliyelitia mguu.

Alivumilia miaka kadhaa. Mwisho aliamua kuiuza nyumba. Hospitali ilikuwa mbali, paa lilikuwa linavuja mahali papya kila msimu wa mvua, na mgongo wake ulikuwa umebeba watu wengi mno kwenye wodi ya wazazi. Yeye angechukua nyumba ndogo ya ghorofani karibu na kazini. Mama mkwe angekwenda kwa binti yake, wifi yake Mkunga, aliyekuwa akiishi mji mwingine na watoto wake wanne. Siku alipomweleza mpango huo, mama mkwe alikuwa akichambua mchele kwenye sinia. Hakuinua kichwa.

"Kama umeamua, mwanangu, mimi nani nipinge? Mgeni hapangi nyumba."

Mkunga alilichukua jibu hilo kuwa ndiyo. Alikuwa amechoka mno hata asisikie jinsi neno mgeni lilivyotamkwa.

Dalali alikuja, kijana mwenye viatu vya kung'aa, akasifu sebule, akasifu jiko, akafika nyuma akanyamaza.

"Lile," alisema hatimaye, "itabidi tulishughulikie. Mnunuzi akiona bwawa la kijani, haoni bwawa. Anaona mbu, anaona vyura, anaona mabomba yaliyopasuka chini ya ardhi."

"Na nikilifukia?"

"Ukilifukia litabaki kama kaburi la tembo. Nani atanunua nyumba yenye kaburi la tembo? Litakase tu, dada. Likitakata, nyumba imeuzika."

Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni na trei ya soda. Alimkaribisha dalali kwa adabu, akasubiri anywe, akachukua chupa.

Ndipo akaja Fundi Kesho. Jina lake halisi alilijua mkewe labda, mtaa mzima ulimwita hivyo kwa sababu kila alipoulizwa maji yatakuwa safi lini, alijibu, "Kesho." Hakuwa mwongo. Alikuwa mtu wa matumaini. Alikuja na madumu ya klorini, brashi ya mpini mrefu na vichupa vya kupimia, akamweleza Mkunga kazi ilivyo: klorini hutiwa jioni, kwa sababu jua huila, kuta zisuguliwe kwanza, kwa sababu ukoga hujifunika ute wake na dawa haiupati, pampu izunguke usiku kucha, na mchanga wa chujio uoshwe asubuhi, la sivyo uchafu unarudi ulikotoka.

"Ukoga ni kama mgeni asiyeaga," alisema. "Lazima umtolee mizigo nje mwenyewe."

Kazi ya kusugua aliifanya Mkunga. Fundi alikuwa na mabwawa mengine, na yeye aliona heri apunguze gharama kwa mikono yake. Siku zake za mapumziko, watu wengine wakilala, yeye alizunguka ukingo na mpini ule mrefu, akisukuma na kuvuta, kusukuma na kuvuta, mpaka maji yakageuka kama uji wa majani na mabega yakawaka moto. Asubuhi yake maji yalikuwa meupe, yamekufa, kama maji yaliyosuuziwa mchele. Baada ya siku chache yalianza kuwa ya buluu. Mkunga angekwenda kazini na moyo mwepesi kidogo. Na akirudi, pale kwenye kona ya ngazi, angekuta kivuli cha kijani, si kikubwa, kama alama ya kidole. Haikupita muda bwawa zima likawa lile lile.

Fundi Kesho alimshuku kila mtu. Kwanza alishuku mchanga wa chujio, ukabadilishwa. Halafu alishuku taa ya majini, akaifungua, akakuta nyuma yake ukoga mweusi, akashangilia kama aliyemkamata mwizi. Wakausugua kwa brashi ya waya, na bwawa likawa kijani vilevile. Akaishuku ndoo ya Mkunga. Akaushuku mti wa jirani. Isipokuwa serikali, hakuna aliyesalimika.

Wanunuzi wawili walikuja, mume na mke mwenye mimba. Mke alichungulia majini, chura akamchungulia yeye. Hawakurudi.

"Ni kutwanga maji kwenye kinu," Mkunga aliwaambia wenzake wodini, wakacheka, naye akacheka, kisha akaenda stoo ya shuka akakaa juu ya marobota, akafumba macho mpaka alipoitwa. Haukuwa uchovu wa kulala ukaisha. Ulikuwa uchovu wa mtu anayefunga mlango, akigeuka anakuta umefunguka.

Siku moja usingizi ulimshika palepale kwenye ngazi za bwawa, brashi mapajani. Aliamka jua likiwa upande mwingine, amefunikwa shuka, na mama mkwe ameketi kwenye kiti cha plastiki kando yake, akimpungia nzi kwa kipande cha gazeti.

"Kwa nini usiliache tu?" mama mkwe aliuliza.

"Nikiliacha nyumba haiuziki, Mama."

"Basi isiuzike."

Alisema kwa sauti ndogo sana, akiendelea kupunga. Mkunga alidhani ni utani wa kumliwaza. Akacheka, akainuka, akaendelea kusugua.

Wiki iliyofuata Fundi Kesho alichota maji kwenye kichupa, akadondosha dawa yake, akakitazama kwenye mwanga kwa muda mrefu. Maji hayakubadilika rangi hata kidogo.

"Klorini yote niliyotia jana imeliwa," alisema. "Yote! Mama, haya maji yanalishwa. Kuna mbolea inaingia humu. Hakuna shamba huko juu?"

"Shamba gani hapa?" Mkunga alisema. "Huko juu kuna duka la simu."

"Basi sijui. Lakini kitu kinayalisha."

Mama mkwe alikuwa akimmiminia fundi maji ya kunywa. Bilauri ilijaa mpaka juu, na hakuna tone lililomwagika.

"Labda ndege," alisema.

Mambo yalijulikana siku ambayo mgongo wa Mkunga ulimgomea kazini. Alikuwa ameinama kumwinua mama mmoja kitandani, kitu kikakaza kiunoni, akabaki hivyo, amepinda, hawezi kwenda mbele wala nyuma, mpaka wauguzi wawili wakamnyoosha kama shuka iliyokunjamana. Mkuu wa zamu alimwambia arudi nyumbani na asionekane mpaka apone. Alifika kukiwa kumeanza kupambazuka. Kama kawaida yake, akazunguka nyuma.

Mama mkwe alikuwa ukingoni mwa bwawa, miguu mitupu, amejifunga upande wa kanga juu ya gauni la kulalia. Kwapani alikuwa na kopo la maziwa ya unga. Alikuwa akitia mkono koponi na kutawanya, taratibu, kwa mzunguko wa kiganja, kama mtu anayelisha kuku. Chenga nyeupe ziligusa maji, zikaelea kidogo, zikazama. Alipomaliza alikung'uta kopo, akafunga kifuniko, akasimama akiyatazama maji. Hakuonekana mtu mwenye furaha. Alionekana mtu aliyemaliza kazi ya siku.

Mkunga alisimama pembeni mwa ukuta. Alingoja hasira ije. Ilikuwa haki yake, na aliijua; aliingoja kama anavyongoja uchungu wa mwanamke mwingine, akihesabu pumzi. Haikuja. Kilichokuja ni uzito, kuanzia visigino kwenda juu, kiasi kwamba angeweza kujilaza palepale juu ya saruji. Aligeuka bila kufanya kelele, akarudi kwa mlango wa mbele, akaingia chumbani, akalala na sare yake.

Alipoamka ilikuwa alasiri. Mama mkwe alikuwa sebuleni akikunja nguo zilizotoka kwenye kamba. Chai ilikuwa mezani, imefunikwa na kisahani. Mkunga aliketi kwa tahadhari, upande upande, mto nyuma ya kiuno.

"Mama," alisema, "lile kopo umeliweka wapi?"

Mikono iliendelea kukunja. "Kopo gani?"

"Mama."

Mama mkwe alimaliza fulana aliyokuwa nayo, akailainisha kwa kiganja, akaiweka juu ya zenzake.

"Chini ya sinki," alisema. "Nyuma ya sabuni."

"Ni nini mle ndani?"

"Mbolea ya chumvichumvi. Ile niliyokuwa naweka kwenye maua. Zamani shambani kwetu, mvua ikiipeleka mtaroni, mtaro wote unageuka kijani. Sikuhitaji kufundishwa na mtu."

"Tangu lini?"

"Tangu yule mwenye viatu vya kung'aa aliposema bwawa likitakata nyumba imeuzika."

Mkunga aliangalia mikono yake. Klorini ilikuwa imeikausha mpaka ikapasuka kwenye vifundo.

"Nimesugua kuta zile mpaka mgongo umekatika. Ulikuwa unaniona kutoka dirishani."

"Nilikuwa nakuona."

"Na ukaendelea."

"Nikaendelea." Mama mkwe aliketi, nguo nyingine mapajani, haikunjwi tena. "Nikikuona nalia. Nikishalia nalala. Kukikucha nachukua kopo. Usiniulize moyo wa namna gani unafanya hivyo, kwa sababu mimi mwenyewe nimeuuliza, haujanijibu."

"Lakini kwa nini? Unakwenda kwa binti yako! Kwa wajukuu! Si kwa mtu baki."

"Binti yangu hajawahi kuniambia njoo."

"Wifi aliniambia kwa mdomo wake, chumba kipo."

"Chumba kipo. Vyumba viko kila mahali, hata hospitali kwenu vipo." Aliinua macho kwa mara ya kwanza. "Nilikaa kwake mwezi mzima alipojifungua yule wa mwisho. Hakunitukana, simsingizii. Lakini nilikuwa nasogezwa kama kiti. Mama kaa huku, Mama pisha kidogo, Mama usiguse. Hapa nikikohoa, wewe unaamka. Umetoka kazini huna hata nguvu ya kufungua jicho, unaamka, unasimama mlangoni, unauliza, Mama, uko salama? Sasa nani ataniuliza?"

"Mbona hukusema?"

"Ningesemaje? Wewe ni mke wa mwanangu, na mwanangu hayupo. Kamba iliyotufunga imeshakatika. Nitamwambiaje mjane mwenzangu, nibebe?"

Hapo ndipo hasira ilipofika, imechelewa, na ilikuja kwa mambo mengine kabisa, si kwa mbolea.

"Ungeniuliza!" Mkunga alipiga meza, kisahani kikaruka. "Swali moja tu, Mama! Mimi nilidhani unataka kwenda. Nilidhani umenichoka, mimi na zamu zangu na chakula changu cha kupasha. Nimekaa nikisugua bwawa ili nikufikishe kwa damu yako, na kila nikisugua moyo unaniuma kwamba nitarudi kwenye nyumba isiyo na mtu. Si ulisema mwenyewe? Si ulisema wewe ni mgeni?"

"Nilisema ili unikatalie."

Mkunga akaanza kulia, kilio kibaya, cha mtu ambaye mgongo haumruhusu hata kuinama alie vizuri. Mama mkwe hakumkimbilia. Alichukua taulo kwenye rundo la nguo safi, akasogea na kiti chake, akampa. Wakakaa hivyo, magoti yakigusana, mpaka chai ikapoa.

"Nyumba nitaiuza, Mama," Mkunga alisema mwishowe. "Siiwezi tena. Hata kama ungemwaga gunia."

"Najua."

"Kule ni vyumba viwili tu. Kimoja kidogo, na dirisha lake linatazama ukuta."

"Kwa macho haya niliyobaki nayo, ukuta unanitosha."

"Na hakuna bustani. Hakuna pa kutia mbolea."

"Ninyamazie hiyo mbolea," mama mkwe alisema, na midomo yake ikacheza kidogo, akaifunika kwa taulo.

Kumbe kulisha maji ni rahisi kuliko kuyanyima. Fundi Kesho aliambiwa tu kwamba kuna mbolea iliyomwagika kwa bahati mbaya. Akashauri nusu ya maji itolewe na mapya yatiwe, kwa sababu mbolea haichujiki. Kwa kuwa Mkunga alikuwa amekatazwa kuinama, mama mkwe alichukua brashi. Aliwekewa kiti cha plastiki ukingoni, akasugua ameketi, akihamisha kiti hatua kwa hatua kuzunguka bwawa lote, akigombana na kila doa kama na mtoto mtundu. "Toka hapo. Nimesema toka." Kwenye kona ya ngazi ukoga ulikuwa umeshika kwenye nafasi za vigae. Alipiga magoti na brashi ya waya, na Mkunga alipomwambia inatosha, alijibu kwamba mwenye kumwaga ndiye mwenye kufuta. Jioni alikuwa hawezi kunyanyua kikombe. Mkunga alimchua mabega, yeye akamkanda Mkunga kiuno, wakacheka kwa kujikuta vilema wawili wanaotibiana.

Walirudia. Maji yalikuwa meupe, yakawa ya kijivu, yakakwama hapo mpaka wakakata tamaa. Kisha asubuhi moja fundi alidondosha dawa yake kichupani, rangi ikashika.

"Imekaa!" alipiga kelele. "Klorini imekaa usiku kucha! Si niliwaambia? Ule mchanga wa chujio! Mchanga mpya ulihitaji kuzoea tu!"

Wanawake wawili walitazamana, kisha wakamwachia ushindi wake. Akaondoka akipiga mluzi.

Maji yalikuwa yametulia, angavu kiasi kwamba bwawa lilionekana kama tupu. Chini kabisa vigae vilijipanga, vya buluu na vyeupe, mchoro ambao Mkunga alikuwa ameusahau. Alivua viatu, akakaa, akatia miguu mpaka magotini. Ubaridi ulipanda mpaka kwenye meno.

"Njoo utie miguu, Mama."

"Humo? Ng'o." Mama mkwe alibaki kitini. Baada ya muda akasema, "Alitaka kunifundisha kuogelea, unajua? Mtoto wa tumboni mwangu. Nikamwambia mimi si bata. Akacheka mpaka akakaa chini."

"Na mimi nilimwambia hivyohivyo."

"Maskini. Aliishi na kuku wawili."

Nyumba ilinunuliwa na watu wenye watoto wengi, ambao hawakuuliza chochote kuhusu paa. Wifi alipopigiwa simu na kuambiwa mama haendi, alisema, "Basi, kama ndivyo mlivyokubaliana," na pumzi aliyoishusha ilisikika hadi upande wa pili. Mama mkwe alikuwa amekaa karibu na simu. Alikwenda kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Siku ya kuhama, wapagazi waliacha kila kitu katikati ya sebule ndogo ya ghorofani: masanduku, sufuria, vitanda vilivyofunguliwa. Mkunga alikuwa ametoka zamu moja kwa moja. Alilivuta godoro likalala sakafuni kati ya maboksi, akajilaza akisema atapumzika dakika mbili tu kisha aanze kupanga, na kabla hajamaliza sentensi alikuwa amelala, mkono mmoja ungali umeshika ufunguo.

Mama mkwe aliutoa ufunguo taratibu. Akatafuta kiti, akakiweka mlangoni, akakaa. Jirani wa ghorofa ya chini alipopanda kuja kuwasalimu wageni na kuuliza kama mwenye nyumba yupo, alijiwekea kidole mdomoni.

"Amelala," alimwambia. "Kama nyumba haiungui, rudi jioni."